Umetolewa gego la mwisho? Soma hapa kabla ganzi haijaisha: barafu, uvimbe na maumivu

Gego38 (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu.

Nafanya kazi kwenye chumba cha upasuaji wa kinywa. Kila anayetolewa gego la mwisho huondoka na karatasi ya maelekezo, na kwenye karatasi hiyo kuna mstari mmoja tu kuhusu baridi: "weka barafu." Jioni simu zinaanza kuingia. Niweke wapi? Kwa muda gani? Mbona nimeweka na shavu bado linavimba? Mstari mmoja hautoshi kwa mtu mwenye maumivu, kwa hiyo leo naandika kwa kirefu. Asome anayengojea kutolewa, na asome zaidi yule atakayemuuguza, maana mgonjwa mwenyewe jioni hiyo hatakuwa na hamu ya kusoma chochote.

Tuanze na kinachotokea mdomoni. Gego la chini lililolala ndani ya mfupa halitoki kwa kuvutwa tu. Ufizi unapasuliwa, mfupa unapunguzwa kidogo, jino lenyewe mara nyingi linakatwa vipande, kisha panashonwa. Mwili unalipokea hilo kama jeraha lingine lolote. Mishipa midogo ya damu inatanuka, kuta zake zinaanza kuvujisha maji kwenda kwenye nyama za jirani, na kemikali zinazotolewa hapo zinaamsha mishipa ya fahamu. Maumivu hushika kasi ganzi inapoisha, yaani siku ile ile. Uvimbe una mwendo wake tofauti: unapanda taratibu na kufikia kilele siku ya pili au ya tatu, ndipo uanze kushuka. Anayejitazama kwenye kioo kesho yake na kukuta shavu limezidi la jana hudhani mambo yameharibika. Hayajaharibika, ndivyo uvimbe unavyokwenda.

Baridi inaingia hapo kwa njia mbili. Inasinyaza mishipa ya damu, hivyo maji yanayovuja yanapungua. Na inapunguza kasi ya mishipa ya fahamu kupeleka taarifa ya maumivu. Lakini shikeni jambo hili, kwa sababu ndilo chanzo cha malalamiko mengi: baridi inapunguza maji yanayovuja sasa, haiyarudishi yaliyokwisha kuvuja. Anayeanza kuweka barafu siku ya tatu, shavu likiwa tayari limejaa, amechelewa. Anza mara tu unapofika nyumbani, ganzi ikiwa bado ipo.

Namna ya kuweka: barafu iliyopondwa ndani ya mfuko wa plastiki usiovuja, uongezwe maji kidogo ili ukae vizuri kwenye shavu, ufunikwe kwa kitambaa chembamba. Weka nje ya shavu, kwenye pembe ya taya, chini ya sikio kuja mbele. Dakika 15 hadi 20, kisha toa kwa muda kama huo, kisha rudia. Fanya hivyo ukiwa macho, siku nzima ya kwanza na ya pili. Baada ya saa 48 faida yake inakuwa ndogo sana.

Usisahau kitambaa. Shavu lenye ganzi halijui kama linaungua kwa baridi, na ngozi ikiganda inajeruhika kweli. Ganzi ikiwepo, saa ndiyo ikuongoze, usitegemee kuhisi. Ngozi ikigeuka nyeupe au ikawa na mabaka, toa mara moja.

Maswali karibuni.

---

Upepo_wa_Kusi

Asante sana mkuu. Mume wangu katolewa mawili ya chini, kulia na kushoto, kwa mkupuo mmoja. Nimweke pande zote mbili kwa pamoja au vipi?

---

Gego38

Pole kwake dada. Unaweza kuweka pande zote kwa pamoja: chukua kitambaa kirefu, kipitishe chini ya kidevu, ukifunge juu ya kichwa, mifuko miwili ikae ndani yake. Ila mimi napenda zaidi kubadilishana. Dakika 20 kulia, kisha 20 kushoto. Upande mmoja unapopoa mwingine unapumzika, na unabaki na mfuko mmoja tu wa kuhangaika nao.

Akilala asilale na barafu. Mweke mito iliyoinuka kichwa kiwe juu ya kifua, hilo nalo linapunguza uvimbe wa asubuhi.

---

Mnazi_Mrefu

Swali. Barafu yangu inayeyuka haraka. Nikiongeza chumvi si itakuwa baridi zaidi na nitapata nafuu zaidi? Au ninunue ile mifuko ya jeli ya kuweka kwenye friza?

---

Gego38

Chumvi hapana kabisa, tafadhali. Barafu inayoyeyuka hukaa kwenye nyuzijoto 0 mpaka kipande cha mwisho kiishe. Kuyeyuka kwenyewe ndiko kunakonyonya joto la shavu, kwa hiyo kuona maji mfukoni si ishara kwamba imeisha kazi. Ukitia chumvi, mchanganyiko unashuka chini ya sifuri kwa nyuzi nyingi. Karne ya 19 huko Uingereza, daktari James Arnott alitumia barafu na chumvi kwa makusudi kugandisha sehemu ya mwili iwe ganzi, na hata kugandisha uvimbe wa saratani. Hicho ni kifaa cha tabibu aliyesimama hapo akiangalia ngozi. Hakifai kwenye shavu la mtu aliyejilaza kitini akisinzia.

Jeli inafaa, ila watu wengi wanaidharau hatari yake. Friza ya nyumbani huwa karibu nyuzijoto 18 chini ya sifuri, na jeli ikitoka humo inatoka na baridi hiyo hiyo. Ni kali kuliko barafu inayoyeyuka ingawa inaonekana laini na salama. Iache nje dakika chache, ikunje kwa kitambaa kinene kidogo, ndipo uiweke.

Kama huna friza, kitambaa kilicholoweshwa maji baridi na kubadilishwa mara kwa mara kinasaidia. Lengo ni shavu lipoe, si ligande.

---

Mkimbiaji_wa_Alfajiri

Mkuu, heshima kwako, lakini mimi niko upande mwingine. Kwenye michezo tumeshaacha barafu. Yule daktari Gabe Mirkin aliyeileta ile kanuni ya kupumzisha, kuweka barafu, kubana na kuinua mwaka 1978, mwenyewe baadaye aligeuka akasema barafu inaweza kuchelewesha kupona. Uvimbe ni mwili unajitibu. Kwa nini tuuzuie?

---

Gego38

Hoja nzuri ndugu yangu, na ni kweli Mirkin alibadilisha msimamo. Nakubaliana nawe kwamba uvimbe ni sehemu ya kupona. Bila huo, jeraha halisafishwi na kidonda hakifungi.

Lakini tazama tofauti. Mchezaji aliyevutika msuli wa paja anaweza kuvumilia paja lililovimba. Uvimbe wa gego la chini uko karibu na misuli ya kutafuna na njia ya kumeza. Mtu anashindwa kufungua mdomo, anashindwa kula, anashindwa kunywa maji ya kutosha, na kwa sababu hiyo hata dawa hamezi vizuri. Tunachotafuta ni saa chache za nafuu katika siku mbili za mwanzo ili mgonjwa anywe, ale kitu laini, alale. Barafu ya dakika 20 nje ya shavu haizimi kazi ya kupona ndani ya mfupa. Na mimi simwambii mtu yeyote aweke wiki nzima.

---

Mkimbiaji_wa_Alfajiri

Hapo nimekuelewa. Kwa hiyo ni dawa ya maumivu zaidi kuliko dawa ya uvimbe?

---

Tabibu_wa_Taya

Naomba nijibu hili, maana ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Ndiyo, kwa kiasi kikubwa. Baridi baada ya upasuaji wa gego imejaribiwa mara nyingi, lakini kwa vikundi vidogo vya wagonjwa, na njia zinatofautiana: huyu kaweka saa moja, yule siku mbili, mwingine hakupumzisha. Majibu yakikusanywa pamoja, nafuu ya maumivu inaonekana, ndogo, hasa siku za mwanzo. Kwenye uvimbe na kukaza kwa taya majaribio hayakubaliani. Kwa hiyo anayemwahidi mgonjwa kwamba barafu itamzuia asivimbe anamdanganya, na anayesema barafu ni upuuzi mtupu naye amepitiliza.

Upande wa vifaa, kuna barakoa inayovaliwa usoni ambayo ndani yake huzungushwa maji yaliyopozwa na mashine. Maji hukaa karibu nyuzijoto 15 muda wote, si sifuri, kwa hiyo mtu anaweza kuivaa kwa saa nyingi bila ngozi kudhurika. Mwaka 2011 watafiti wa Ujerumani waliilinganisha na mifuko ya baridi ya kawaida kwa watu waliotolewa magego ya mwisho, wakapima nyuso zao kwa kamera za pande tatu. Waliovaa barakoa walivimba kidogo kuliko wenzao na maumivu yao yalikuwa madogo. Kundi lilikuwa dogo, na mashine yenyewe iko kwenye vituo vichache. Lakini kuna fundisho kubwa hapo: baridi ya wastani inayokaa sawa inafanya vizuri kuliko baridi kali inayokuja na kuondoka. Anayejibana shavu na kipande cha barafu kitupu, akivumilia machozi yakimtoka, hapati faida ya ziada kwa uvumilivu wake.

Sasa jambo ambalo nataka lisisahaulike kwenye uzi huu: barafu ni msaidizi. Mzigo mkubwa unabebwa na dawa. Kwa maumivu ya gego la chini, ibuprofeni miligramu 400 imeonekana kufanya vizuri kuliko paracetamol miligramu 1,000, na zote mbili kwa pamoja zinashinda kila moja peke yake. Dozi ya kwanza imezwe kabla ganzi haijaisha. Kusubiri maumivu yafike kileleni ndipo uanze kuyafukuza ni kazi ngumu. Paracetamol isizidi gramu 4 kwa saa 24 kwa mtu mzima. Ibuprofeni haiwafai wenye vidonda vya tumbo, wenye matatizo ya figo, wajawazito hasa miezi ya mwisho, wanaotumia dawa za kuyeyusha damu, na baadhi ya wenye pumu. Hao wote wamuulize daktari wao. Aspirini usijitibu nayo hapa, inaongeza kutoka damu.

Na kwa uvimbe wenyewe, kama daktari anatarajia kazi nzito kwenye mfupa, anaweza kutoa deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, wakati wa upasuaji. Hiyo ina ushahidi mzuri kwa uvimbe na kukaza kwa taya. Muulize kabla hajaanza, si baada.

---

Gego38

Asante daktari. Nimeweka kiungo cha jibu lako kwenye posti ya kwanza ili wanaoingia wasilikose.

---

Shangazi_Mkubwa

Wanangu, sisi zamani tulikandwa kwa maji ya moto siku hiyo hiyo na tulipona. Mwanangu sasa katolewa jino jana nataka nimkande, ananiambia kasoma hapa eti barafu. Nani mkweli?

---

Gego38

Shikamoo shangazi. Kukanda kwa moto kuna siku yake, na siku yake inakuja, ila si leo.

Moto unatanua mishipa ya damu. Siku ya kwanza mishipa hiyo ndiyo kwanza imeziba, damu imeganda kwenye tundu la jino, na donge hilo ndilo linalofunika mfupa. Ukiupeleka moto hapo mapema unaweza kuamsha damu na kuongeza uvimbe. Subiri zipite siku mbili. Kuanzia siku ya tatu, kitambaa cha maji ya moto kiasi ambacho mkono wako unavumilia, mara kadhaa kwa siku, kitamsaidia sana. Kufikia hapo tatizo linakuwa taya lililokaza, na joto linalegeza misuli na kusaidia maji ya uvimbe yaondoke. Baada ya kumkanda mwambie afungue mdomo taratibu mpaka panapoanza kuuma, afunge, arudie. Akiona rangi ya njano au zambarau ikishuka shingoni asiogope, ni damu ya michubuko inayofuata uzito wake kwenda chini.

---

Shangazi_Mkubwa

Marahaba mwanangu. Basi nitangoja mpaka keshokutwa.

---

Kisiwa_Kidogo

Je, kumung'unya barafu mdomoni? Au aiskrimu? Naona kama ingefika karibu zaidi na jeraha.

---

Tabibu_wa_Taya

Kitu cha baridi laini kwa kijiko, sawa, ganzi ikishaisha ili usijing'ate ulimi. Kinachokatazwa ni kunyonya. Usitumie mrija, usimung'unye kwa nguvu, usiteme mate kwa kishindo. Mvuto ule unaweza kung'oa donge la damu kwenye tundu. Kwa sababu hiyo hiyo usisukutue chochote saa 24 za kwanza. Baada ya hapo maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi, uyageuze mdomoni kwa kichwa na uyaache yadondoke yenyewe. Na sigara iache. Inazidisha hatari ya tundu kukauka, yaani donge kutoka na mfupa kubaki wazi, kuliko kosa lolote la barafu.

---

Ndoto_Njema

Jamani naombeni msaada. Nilitolewa la chini kushoto, siku tatu za kwanza nilikuwa naendelea vizuri, uvimbe ukashuka. Leo siku ya nne maumivu yamerudi kwa nguvu, yanapanda mpaka sikioni, na mdomo una harufu mbaya. Nimeweka barafu tangu asubuhi haisaidii chochote. Niongeze muda?

---

Gego38

Pole sana. Usiongeze. Toa hiyo barafu na piga simu ulikotolewa jino sasa hivi.

Unachoeleza kinafanana sana na tundu kavu: donge la damu limeyeyuka au limetoka, mfupa umebaki wazi. Maumivu yake huja kwa kawaida kati ya siku ya kwanza na ya tano, hupanda sikioni na kwenye paji, na barafu haifiki huko. Daktari atasafisha tundu na kuweka dawa ndani yake, na wengi hupata nafuu mapema baada ya hapo. Wakati mwingine dawa hiyo hubadilishwa mara kadhaa. Hili si kosa lako, kwa magego ya chini hutokea mara nyingi kuliko meno mengine.

---

Tabibu_wa_Taya

Naongezea kwa wote wanaosoma kimya kimya. Barafu inaweza kumfanya mtu avumilie nyumbani jambo ambalo halifai kuvumiliwa. Uvimbe unaozidi kupanda baada ya siku ya tatu, homa ya nyuzijoto 38 au zaidi, usaha, taya linalozidi kukaza badala ya kulegea: nenda ukaonwe siku hiyo hiyo. Na ukiona ugumu wa kumeza mate, sauti imebadilika, uvimbe uko chini ya ulimi au unateremka shingoni, au pumzi inabana, nenda hospitali ya dharura usiku huo huo. Maambukizi ya sakafu ya mdomo, yale yaliyoelezwa na Wilhelm Friedrich von Ludwig mwaka 1836, bado yanaua watu, na yanaua kwa kuziba njia ya hewa. Damu nayo: kung'ata shashi safi yenye unyevu kwa dakika 30 bila kufungua kuchungulia. Isipokoma, piga simu.

---

Mnazi_Mrefu

Kuna mtu ambaye hapaswi kabisa kuweka barafu? Binamu yangu ana selimundu, anatarajia kutolewa hivi karibuni.

---

Tabibu_wa_Taya

Swali muhimu sana, na karatasi nyingi za maelekezo hazilitaji. Kwa mwenye selimundu baridi inaweza kuchochea maumivu makali ya ugonjwa wenyewe, kwa hiyo asiweke bila kuzungumza na daktari anayemtibu selimundu. Mazungumzo hayo yafanyike kabla ya upasuaji, pamoja na mpango wa maji ya kunywa na dawa za maumivu. Wengine wa kuwa waangalifu ni wanaotoka vipele au kuvimba ngozi wakiguswa na baridi, wale ambao vidole vyao hugeuka vyeupe na kufa ganzi kwenye baridi, na yeyote asiyehisi vizuri kwenye ngozi ya uso.

---

Upepo_wa_Kusi

Nimerudi. Mume wangu anaendelea vizuri, anabadilisha pande kama mlivyosema na dawa anameza kwa saa zake. Ila kuna kitu: mdomo wa chini upande wa kulia na kidevu bado vina ganzi, na leo ni siku ya pili. Upande wa kushoto ganzi iliisha jana usiku. Ni baridi ya barafu imefanya hivyo? Aendelee kuweka?

---

Gego38

Ganzi ya sindano ingekuwa imeisha jana dada, na barafu uliyoiweka kwa vipindi haiachi ganzi ya namna hiyo. Upande wa kulia asiweke tena, kwa sababu ngozi isiyohisi inaweza kuungua kwa baridi bila yeye kujua. Kushoto anaweza kumalizia leo.

Ndani ya taya la chini unapita mshipa wa fahamu unaohudumia mdomo na kidevu, na kwa watu wengine mizizi ya gego huwa imeugusa. Ukiguswa au kubanwa na uvimbe wakati wa kazi, ganzi hubaki. Wengi hurudiwa na hisia taratibu, kwa wiki au miezi, lakini daktari aliyemfanyia anatakiwa ajue mapema ili apime na kuandika eneo lenye ganzi, na aamue kama kuna la kufanya. Mwambie achore kwa kalamu mpaka wa sehemu asiyohisi kisha mpige picha, halafu mpigie daktari simu leo. Msisubiri siku ya kutoa nyuzi. Na chakula kisiwe cha moto, maana mdomo ule hautamwambia kwamba unaungua.